Mgongo wa Matroni na Namba Mia na Kumi na Mbili

Risala ya Umoja wa Wahitimu wa Bweni la Juu kwa Mkurugenzi wa Hospitali, siku ya kufunguliwa kwa Jengo la Kungojea

Mgeni rasmi, Mkurugenzi wa hospitali hii; wakuu wa idara; wauguzi; wagonjwa mlioketi na mliokosa pa kuketi; mabibi na mabwana:

Leo ni Ijumaa, tarehe tisa Oktoba. Saa ya ukutani inaonyesha saa nne kasoro dakika kumi asubuhi, ingawa ratiba ilisema saa tatu kamili. Nje kuna manyunyu, mvua ile isiyomlowesha mtu kwa mkupuo bali humnyemelea mpaka anashtuka nguo zimemganda mwilini. Tunaitaja hali ya hewa kwa sababu kama nusu ya waalikwa wako nje, chini ya miavuli, na sisi wengine tumebanana hapa mapokezi. Jengo hili la kungojea haliingiwi mpaka utepe ukatwe.

MAKARIBISHO

Mgeni rasmi, karibu. Utuwie radhi tukikuita kwa cheo, ilhali sisi tunalijua jina lako la awali kabisa, yaani Namba Mia na Kumi na Mbili. Namba hiyo ilishonwa kwa uzi mwekundu kwenye kola ya shati lako la shule, kwenye shuka lako na, kwa kuwa ulikuwa hodari wa kupoteza vitu, kwenye soksi zako zote mbili. Anayekusomea risala hii ni Namba Sabini na Tatu, Katibu wa Umoja, mwalimu mstaafu wa hesabu.

Aliyetushonea namba hizo yuko hapa. Ni Matroni wetu, yule aliye kwenye kiti cha magurudumu mstari wa mbele. Kushoto kwake, aliyejifunika shali ya kijivu, ni mpishi mkuu wa bweni letu. Ombi letu leo ni moja tu, nalo linamhusu mpishi. Miaka mitatu iliyopita alifanyiwa upasuaji wa saratani ya titi. Tangu Jumapili anaumwa mgongo. Tangu jana miguu yake ni mizito. Asubuhi ya leo, akishuka garini, alikanyaga hewa mahali alipodhani pana ardhi.

Ombi hilo lina haraka. Hata hivyo, sisi tumelelewa kwa utaratibu, na utaratibu wa risala unataka historia itangulie maombi. Kwa hiyo tunaanza na historia.

HISTORIA FUPI

Matroni alifika bwenini akiwa kijana, na sanduku moja na cherehani ya mkono. Alikuta wavulana mia moja na arobaini ambao hakuna aliyekuwa tayari kunyoosha kitanda chake. Baada ya muhula mmoja tulikuwa tunanyoosha vitanda, mashuka, na migongo. "Simama wima" ilikuwa salamu yake ya asubuhi, na pia jibu lake kwa maswali mengi.

Alikuwa na daftari la wagonjwa. Aliyeumwa aliandika namba yake kabla ya kengele ya saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Kengele ikishalia, daftari hufungwa, na asiyeandikwa hajaumwa. Tulipanga foleni mbele ya mlango wake, na hakuna aliyeruka foleni hiyo, hata Namba Tisa aliyekuwa na baba mwenye gari mbili.

Mgeni rasmi, kuna siku moja ambayo wewe huenda unaikumbuka kuliko sisi. Ulikuwa na miaka kumi na mitatu. Saa nane mchana ulifika mlangoni pa Matroni umejikunja kama kijiko kilichopinda, jasho linakutiririka. Mwalimu wa zamu alikuwepo. Akafungua daftari, akapitisha kidole.

"Mia na Kumi na Mbili hayumo," alisema. "Arudi darasani."

"Mwalimu, mtoto anatapika."

"Hakuandikwa."

"Tumbo halisomi daftari," Matroni akajibu. Kisha akachuchumaa mbele yako, akakupa mgongo. "Panda."

Akakubeba mgongoni, akakatiza katikati ya uwanja wa mpira mechi ikiendelea, mpaka barabara kuu. Daktari aliyekupasua alisema kidole tumbo kilikuwa kimebakiza saa moja kipasuke. Matroni alipewa barua ya onyo kwa kuhudumia mgonjwa asiyeandikwa. Aliitia saini, akaikunja, akaiweka ndani ya daftari, kisha kwa kalamu nyekundu akaandika: 112, saa nane mchana. Ulipotoka hospitali ulimwambia, mbele yetu sote, "Mama, hili ni deni." Naye akasema, "Kunywa uji kwanza."

Umoja unakiri kwamba siku ile Matroni alitufundisha mambo mawili: kushika utaratibu, na kuuvunja mtu anapozidiwa. Sisi tulinakili la kwanza. Kwa la pili, nadhani, kengele ilikuwa imeshalia.

MAFANIKIO

Umoja wetu una mafanikio mengi.

Miaka sita iliyopita Matroni alipoondolewa titi la kulia kwa saratani, tulimtembelea kwa zamu, tukamletea matunda, tukapiga picha. Alipomaliza tiba tulifanya hafla, na Mwenyekiti wetu akatangaza kwamba adui ameshindwa. Hakuna mtaalamu aliyetuambia hivyo. Tuliona tu kwamba sentensi hiyo inapendeza.

Januari mwaka huu Matroni alianza kuumwa mgongo. Alikuwa akiyajua maumivu ya kazi, amelala nayo miaka thelathini. Haya yalikuwa mengine. Ya kazi hupungua ukijinyoosha kitandani, lakini haya yalikuwa yanamsubiri alale ndipo yaanze. Baadaye yakamzunguka kifuani kama mtu anayemfunga mkanda na kuongeza tundu moja kila wiki. Hakumwambia mtu. Mwanamke aliyewaambia wavulana mia moja na arobaini wasimame wima angeanzaje kusema kwamba yeye hawezi?

Mpishi ndiye aliyegundua, kwa kuwa Matroni aliacha kuinama kuangalia chini ya vitanda.

"Dada, wewe unaumwa."

"Nimezeeka."

"Uzee gani huu ulioingia kwa wiki mbili?"

Mpishi akatuambia, nasi tukachukua hatua. Tulimnunulia godoro gumu la gharama, likakabidhiwa rasmi, na picha ipo ofisini kwetu. Katika picha hiyo Matroni amejishika kiuno; tulidhani ni madaha. Tulimnunulia mkanda wa kiuno. Namba Hamsini, mwalimu wa michezo, alimwelekeza mazoezi ya kuinama na kuinuka, ishirini asubuhi, ishirini jioni. Daktari mmoja alituambia baadaye kwamba kumwinamisha mtu mwenye mfupa wa mgongo ulioliwa na saratani ni sawa na kuruka ruka juu ya dari bovu ili kuona kama litaanguka. Namba Hamsini hayupo leo. Amesema ana udhuru.

Mafanikio yetu makubwa kuliko yote ni jengo hili. Lina benchi sitini, paa zuri na feni nne. Limejengwa katikati ya mapokezi na chumba cha mashine kubwa ya picha, hivyo hakuna anayeweza kufika kwenye mashine bila kupita mahali pa kungojea. Mchoro huo tuliuidhinisha sisi wenyewe, kwa kauli moja.

CHANGAMOTO

Changamoto ni chache. Zilichukua siku kumi na moja tu.

Siku ya kwanza ilikuwa Jumatano ya mwezi Mei. Matroni alikuja akitembea kwa miguu yake, akifuatana na Namba Kumi na Saba, fundi wa magari, ambaye hasemi uongo kwa kuwa hana subira ya kuutunga. Karani wa dirishani akauliza shida ni nini.

"Mgongo, mwanangu. Na miguu imekuwa mizito, kama nimevaa viatu vya mtu mwingine. Niliwahi kutolewa titi, hapa hapa."

"Titi ni kliniki ya Jumatatu, mama. Mgongo ni mifupa, leo. Sasa unaumwa kipi?"

"Mgongo."

"Basi tusichanganye. Mgongo na titi, wapi na wapi?"

Akapewa kadi namba themanini na nane. Akaketi. Namba Kumi na Saba alitaka kurudi dirishani kumpa karani somo la ziada, lakini Matroni akamshika mkono. "Wote hawa wanaumwa," alisema. "Mimi sikuwafundisha kuruka foleni."

Saa tano ulipita wewe, mgeni rasmi, umevaa koti jeupe, ukiwaongoza wageni.

"Mama, si Mia na Kumi na Mbili yule? Nimwite?" Namba Kumi na Saba akauliza.

"Keti chini."

"Anakudai uhai wake mzima, Mama!"

"Ananidai? Mimi ndiye ninayedai. Deni ni langu, na siku ya kulidai ninaijua mwenyewe. Keti."

Ulisimama hatua nne kutoka kwake. Ukaionyesha foleni kwa mkono, ukawaambia wageni, "Tazameni nidhamu ya wagonjwa wetu." Hatusemi ulimwona. Mtu aliye kwenye foleni huonekana kisogo. Matroni, anavyosimulia mwenyewe, alijinyoosha alipokusikia, japo kujinyoosha kulimuuma hadi meno. Aliona fahari, akasema moyoni, huyo nimemlea.

Kliniki ya mifupa ilimpa vidonge na picha ya kawaida ya eksirei, ambayo haikuonyesha kitu, wakasema ni umri. Siku ya sita, Jumatatu, kliniki ya matiti ilisema mgongo si wao, alete kwanza ripoti ya mifupa. Siku ya nane, Jumatano, alirudi mifupa akitembelea mkongojo. Sisi wanachama sita tulikuja kumsindikiza, wawili kati yetu tukiwa na vyeo ambavyo vingefungua mlango wowote katika hospitali hii. Hatukuvitaja. Tulipanga foleni pamoja naye, tumevaa tai za shule, na tulijisikia watu wa maana sana.

Siku hiyo alikuwa anaomba maji kila baada ya dakika chache. Akaanza kutuita kama zamani. "Thelathini na Sita, funga kamba za viatu!" Thelathini na Sita ni mkaguzi wa hesabu mwenye wajukuu. Akainama akafunga kamba, na tukacheka mpaka machozi. Baadaye tulielezwa kwamba mfupa unapoliwa na saratani humwaga kalsiamu yake kwenye damu, na ikizidi humletea mtu kiu na kumvuruga akili. Sisi tulicheka kalsiamu.

Siku ya kumi alikaa chooni muda mrefu, na mkojo haukutoka. Hilo hakumwambia hata mpishi. Siku ya kumi na moja, Jumamosi, kengele ya bweni ililia saa kumi na mbili na nusu. Akaamuru miguu ishuke kitandani, nayo haikutii. Akaitazama, anavyosema mwenyewe, kama wavulana wawili wanaomkaidi kwa mara ya kwanza.

Tulimleta idara ya dharura. Daktari wa zamu, binti mdogo kwa umri, alimchoma unyayo kwa kijiti, akamuuliza anahisi nini. Hakuhisi kitu. Siku ile ile mashine kubwa ikapiga picha. Saratani ya titi ilikuwa imehamia kwenye pingili za mgongo. Moja ilikuwa imebonyea na kuikandamiza neva kuu inayopeleka amri miguuni na kwenye kibofu.

"Huyu ni wa kuingizwa siku ile ile," daktari alisema. "Mwenye historia ya saratani akisema mgongo unauma na miguu mizito, hangoji kliniki. Dawa ya kupunguza uvimbe saa hiyo hiyo, picha, kisha mionzi au upasuaji. Anayefika akitembea, mara nyingi hubaki akitembea. Anayefika amebebwa, miguu hairudi kwa urahisi. Nani alimpa miadi mtu huyu?"

Tukamwonyesha kadi.

"Na ninyi, siku zote hizo mlikuwa wapi?"

"Kwenye foleni," Mwenyekiti wetu akajibu, na bado alikuwa na tai shingoni.

Mionzi imepunguza maumivu, na akili yake imerudi, kali kuliko mwanzo. Miguu haikurudi. Mkojo wake unatoka kwa mpira, unaingia kwenye mfuko ulio chini ya blanketi lile. Tulisita kuliandika hili. Alipotusikia tukinong'ona alisema, "Andikeni. Mimi nimewaona ninyi wote mkikojoa vitandani, na niliandika namba zenu."

MAOMBI

Mgeni rasmi, kabla ya kufikia ombi lenyewe, inatupasa kutambua mchango wa idara mbalimbali katika ujenzi huu. Kwanza, tunaishukuru kamati ya ununuzi wa benchi. Pili, tunaishukuru hospitali kwa utepe huu wa rangi ya waridi, uliowekwa kwa kuwa Oktoba ni mwezi wa kuwakumbuka wenye saratani ya titi. Tumeona tepe kama hizo kwenye kila nguzo, na moja kwenye kitasa cha stoo ya mifagio. Tatu, tunaeleza kwamba jana mpishi wetu alifika dirishani akaelezwa mgongo na titi ni wapi na wapi, akapewa kadi ya kliniki ya mifupa ya Jumatano, tarehe ishirini na nane. Nne, leo saa moja asubuhi daktari yule wa dharura amemchoma dawa, akajaza fomu ya picha, ila mashine imesimamishwa kwa ajili ya sherehe hii, na haiwashwi mpaka Mkurugenzi aidhinishe. Tano, tulimwomba msaidizi wako atufikishe kwako, akasema Mkurugenzi hasumbuliwi mpaka risala imalizike. Basi tunaimaliza. Sita, kuhusu feni za ziada

*

(Nyongeza iliyoandikwa kwa mkono katika nakala ya Umoja.)

Hapa ndipo msomaji alipokatizwa. Matroni alikuwa akimtazama mpishi tangu risala ianze, na hakusikiliza sana, kwa kuwa historia hiyo anaijua. Alimwona mpishi akijaribu kuvuta mguu wa kushoto chini ya kiti; goti likatetemeka, mguu ukabaki pale pale. Mguu wake mwenyewe ulianza vivyo hivyo.

"Sabini na Tatu!" aliita. Sauti ilikuwa ile ya bwenini, na wahitimu ishirini na wawili walisimama wima bila kuambiwa. "Ruka."

"Mama, bado kuna kipengele cha sita, na shukrani, na…"

"Ruka, nimesema! Mtu anapoteza miguu, wewe unasoma feni?"

Msomaji akaruka. Ilikuwa mara yake ya kwanza.

Matroni akamgeukia mgeni rasmi. "Mia na Kumi na Mbili?"

Mkurugenzi alikuwa ameshika hotuba yake ya kurasa kumi. Akaiweka kitini. "Nipo, Mama."

"Saa nane mchana, uliandikwa?"

"Sikuandikwa."

"Basi leo ninadai. Sidai kwa ajili yangu, langu limepita. Ninadai kwa ajili ya huyu. Fomu ya picha iko pale kwenye sinia la kukatia utepe, chini ya mkasi."

Msaidizi wake aliinama kumnong'oneza kuhusu ratiba na waandishi wa habari. Mkurugenzi hakumgeukia. Aliutoa mkasi juu ya fomu, akatia saini akiwa amesimama, karatasi ameilaza juu ya sinia. Akaandika saa, saa nne na dakika ishirini. Kisha akachomoa ukurasa mmoja wa hotuba yake, akaandika nyuma yake kwa herufi kubwa kwamba kuanzia leo yeyote mwenye historia ya saratani, akisema mgongo unauma na miguu mizito, aingizwe siku hiyo hiyo bila kadi. Akampa karani wa dirishani aibandike kiooni. Karani akaisoma mara mbili. "Kumbe ni kitu kimoja?" aliuliza. Daktari wa dharura akamjibu, "Ni kitu kimoja."

Machela ilikuja. Njia ya kwenda kwenye mashine ilikuwa moja tu, kupitia mlango wenye utepe, na mpiga picha akaomba wasubiri mgeni rasmi ajiweke sawa. Namba Kumi na Saba akauchukua mkasi akaukata utepe bila hotuba, na wagonjwa waliokuwa kwenye manyunyu wakaingia nyuma ya machela, wakaketi kwenye benchi.

Mpishi alipiga kelele kutoka ndani, "Dada, hawa wananikimbiza kama mkate wa moto!"

"Lala wima!" Matroni akajibu.

Picha ilionyesha pingili moja iliyoanza kubonyea, na neva bado haijabanwa sana. Mionzi ilianza alasiri ile ile. Jumatatu iliyofuata mpishi alitembea kutoka kitandani hadi dirishani, akalalamika kuhusu uji wa hospitali. Jumatatu hiyo Matroni alikuwepo kwenye kiti chake, akihesabu hatua. Zilikuwa kumi na moja.

Lakini Ijumaa ile, machela ilipokwisha kupita, Matroni alimwambia msomaji, "Haya, malizia dua yako." Naye akasoma mistari iliyobaki, akisimama kwenye vipande vya utepe:

Mwenyezi Mungu ampe mpishi wetu miguu yake. Ampe Matroni wetu siku zisizouma. Awape wanaohudumu hapa masikio mepesi kuliko mihuri yao, na atusamehe sisi tuliopanga foleni vizuri. Ni sisi, Umoja wa Wahitimu wa Bweni la Juu.

Mkurugenzi akaja mbele ya kiti cha magurudumu, akachuchumaa mpaka macho yake yakalingana na ya Matroni.

"Mama, deni?"

Matroni alilifungua daftari kuukuu lililokuwa mapajani mwake, akaitafuta ile 112 ya kalamu nyekundu, akapiga mstari juu yake.

"Limelipwa," alisema. "Simama wima."